Ngatirah Mara Mia Nne na Kumi na Mbili

Ukitaka kunikasirisha, niambie kwamba kompyuta imekosea. Nina miaka kumi na minne kwenye kazi hii na sijawahi kuiona ikikosea. Hukosea mtu, na Alhamisi ile mtu mwenyewe nilikuwa mimi, Palupi, mtunza kanzidata wa ofisi ya mahujaji ya wilaya yetu, na batiki yangu iliyonyooshwa pasi, najiona najua kila kitu.

Kwetu Java foleni ya Hija ni ndefu. Mtu anajiandikisha akiwa na meno yote, anaitwa akiwa amebaki na mawili. Baba yangu, Kasmuri, alisubiri zaidi ya miaka ishirini, na namba yake ikaitwa mwaka huu, siku arobaini na sita baada ya kumzika. Utaratibu unasema kiti cha marehemu humwendea mrithi, mradi barua zote zimekamilika. Mrithi ni mama yangu, Ngatirah, mwenye miaka sabini na minne na moyo ambao daktari aliusikiliza muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alimpa cheti cha afya, kisha akanivuta pembeni akaniambia kwamba cheti cha mwaka huu amesaini, ila cha mwaka ujao asingeniahidi.

Kwa hiyo ni mwaka huu au basi. Nililala na neno hilo na kuamka nalo.

Barua ya kijiji ikachelewa, kama kawaida ya barua za kijiji. Ilipitishwa Alhamisi hiyo hiyo mchana, pamoja na warithi wengine sita, saba kwa jumla, wote kwenye barua moja. Fomu za kawaida za kompyuta zilikuwa zimeshafungwa tangu saa sita. Na saa tisa kamili alasiri mashine ya makao makuu, huko mji mkuu, hupita wilaya moja baada ya nyingine ikigonga mhuri kwenye orodha. Ikishagonga, hakuna kubadilisha jina mpaka mwaka mwingine.

Bosi wangu, Pak Darsono, yaani Bwana Darsono, akaniita saa nane akaniambia niwaingize wale saba kwa mkono, moja kwa moja kwenye kanzidata. Pak Darsono ni mtu wa kusema polepole na kunywa chai ya baridi, na ana sheria zake mbili ambazo amezirudia mpaka zimeota nywele. Ya kwanza, barua ikiwa moja, muamala ni mmoja: unaufungua, unaingiza wote, unathibitisha, mmoja akigoma, unarudisha wote nyuma na ni kama hujagusa kitu. Ya pili, hakuna kazi ya mkono bila shahidi. Shahidi anasoma kutoka kwenye karatasi, wewe unajaza, na kila ukijaza unasoma kwa sauti mashine imegusa mistari mingapi. Ikisema mmoja, mnaendelea.

Shahidi wetu ni Bu Wartini, mama wa masjala, asiyejua kompyuta ila husoma tarakimu kama mtu anayesoma Kurani, bila kuruka hata nukta. Mwaka jana shemeji yake alikataliwa kwa sababu ya barua pungufu, na Bu Wartini mwenyewe ndiye aliyegonga mhuri wa kukataa, kimya, bila kumbembeleza mtu. Na mimi leo nimwite aje kunisomea jina la mama yangu?

Sisi Wajava tuna ugonjwa wetu wa haya. Si haya ya kuficha uso. Ni ile ya kuogopa mwenzako asijisikie vibaya kwa ajili yako, hata kama mwenyewe hana habari na wewe. Haya hiyo ilinifanya nitende mambo mawili ya kijinga. Kwanza, nilimpanga mama wa saba, mwisho kabisa, ingawa kwenye barua alikuwa wa pili. Pili, nilimwambia Bu Wartini akale tu kwanza, kazi yenyewe ni ndogo, nitamwita. Nikajua simwiti.

Mama alikuwa ameshafika. Alikuja na ojeki, bodaboda ya kwetu, akaketi kwenye benchi la ukumbini na vibakuli vyake vya bati vilivyopangana, na mfuko wa kitambaa mapajani. Hakusema amekuja kusubiri jibu. Alisema ameniletea pecel, mboga za kuchemsha na mchuzi wa karanga, kwa sababu mchuzi wa kantini yetu ni maji. Nilimwona kupitia kioo cha mlango kila nilipoinua kichwa, na kila nilipomwona vidole vilikuwa vizito.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Amri ya kubadilisha jina unaiandaa mara moja, ukiiachia mapengo, kama kadi za harusi zilizochapwa zikabakizwa sehemu ya jina la mgeni. Unaipa jina, yangu niliiita Kiti. Baada ya hapo unaita tu Kiti na kumpa vya kujazia: namba ya foleni na mrithi. Mashine imeshaielewa amri, imeshaikagua, wewe hubadilishi ila vile vya kwenye mapengo. Ni njia salama kuliko zote, na ndiyo maana nilijiamini.

Saa nane na dakika ishirini nilifungua muamala wa majaribio, ndani yake nikaiandaa Kiti, nikaijaribu kwa mrithi wa kwanza. Mashine ikajibu: mistari mia nne na kumi na miwili.

Nilijua mara moja. Nilikuwa nimesahau kipande cha mwisho cha amri, kile kinachosema "pale tu ambapo namba ni hii." Bila hicho, amri haichagui mtu, inampaka kila mtu. Na watu mia nne na kumi na wawili ndio wilaya yetu nzima, wote wanaosafiri mwaka huu. Sikutaharuki. Nikaurudisha muamala nyuma, nikakagua orodha, kila jina mahali pake. Nikajisemea, ndiyo kazi ya muamala hiyo, Lupi, tulia.

Nikaandika upya kwenye faili, kwa utulivu wa kujionyesha. Amri ya Kiti, safari hii na kipande chake cha mwisho, nikaiweka juu kabisa, kabla ya muamala, ili ipendeze. Chini yake kufungua muamala. Chini yake warithi saba, Ngatirah wa mwisho. Nikakagua namba mara mbili, mara tatu, kwa sababu hapakuwa na wa kunisomea. Nikaenda chooni kwa woga. Nikarudi, nikakagua tena. Saa tisa kasoro dakika tatu nikaunakili mzigo wote, nikaubandika, nikabonyeza.

Maandishi yakapanda juu ya skrini kama mchele unaomwagwa. Yakasimama. Nikasoma kutoka chini.

Mia nne na kumi na mbili. Juu yake, mia nne na kumi na mbili. Mara saba.

Nikapandisha skrini juu mpaka mwanzo na hapo nikauona mstari ule mwekundu, mmoja tu: amri yenye jina Kiti tayari ipo.

Jamani. Nilikuwa nalijua hili. Nimewafundisha watu hili. Ukiurudisha muamala nyuma, unarudisha majina, namba, kila ulichokigusa kwenye orodha. Amri uliyoiandaa hairudi. Inabaki hapo kwenye kikao chako na mashine, hai, na jina lake, mpaka uifute mwenyewe au uondoke. Kiti yangu mbovu ilikuwa imekaa tangu saa nane na dakika ishirini ikinisubiri. Ile nzuri ilikataliwa mlangoni, na kwa kuwa niliiweka nje ya muamala ili ipendeze, kukataliwa kwake hakukuzuia kitu. Ningeiweka ndani, muamala wote ungegoma na mimi ningepona.

Nikafungua orodha kuona nimefanya nini. Kila mrithi alimpaka kila mtu, na anayefuata akapaka juu yake, mpaka wa saba. Skrini nzima ilikuwa jina moja. Ngatirah, Ngatirah, Ngatirah. Mama yangu alikuwa amekalia viti vyote vya wilaya. Nikacheka kidogo, cheko baya, kisha nikaziba mdomo kwa mkono.

Sikuwa nimethibitisha. Hilo nililishika. Mpaka nithibitishe, dunia nzima inaiona orodha ya zamani, na mimi peke yangu ninauona uchafu wangu. Narudisha nyuma, nafuta Kiti, naandaa upya, naanza. Dakika mbili zinatosha. Nikatazama saa, na saa ikaniambia saa tisa kamili na sekunde nane. Msikiti wa nyuma ya ofisi ulianza kuadhini Alasiri.

Simu ya Pak Darsono ililia mle ofisini kwake. Akatoka nayo sikioni, akaja akasimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amesahau chai yake. Makao makuu walikuwa wanauliza ni nani anashikilia orodha yetu. Mashine ya mhuri imefika, imekuta mistari yote imefungwa, imesimama inasubiri.

Nikaelewa nimesimama wapi. Muamala wangu uliishika ile mistari yote mia nne na kumi na miwili, kama mtu aliyeegemea mlango kwa mgongo. Nikirudisha nyuma, mlango unafunguka na aliye nje anaingia papo hapo, kabla sijanyanyua kidole. Atagonga mhuri juu ya majina ya marehemu saba, na warithi wote saba wamebaki, mama akiwemo. Nikithibitisha, mama yangu ndiye hujaji wa wilaya nzima. Na nikiendelea kushika, mashine husubiri dakika tano tu, kisha inairuka wilaya, na watu mia nne na kumi na wawili hawaendi popote kwa sababu yangu.

Nilimweleza Pak Darsono yote. Nilimwambia pia kwamba sikumwita shahidi, na kwa nini.

Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliniuliza tu kama kuna njia ya kusafisha ndani kwa ndani, bila kuachia mlango.

Ilikuwepo. Dirisha la pili la kompyuta, kwa kuwa halimo ndani ya muamala ule, lilikuwa bado linaiona orodha ya zamani, safi. Ningeweza kuichota huko, kuiweka kwenye faili, kuirudisha mstari kwa mstari ndani ya muamala niliouchafua. Kisha niandae amri mpya kwa jina jipya, niwajaze wale saba, nithibitishe. Yote ndani ya dakika tano, na moja ilikuwa imekwisha kwa maelezo.

"Fanya," akasema. "Lakini hakuna kubandika mzigo tena. Mmoja mmoja, na shahidi."

Bu Wartini alikuja akifuta mikono kwa leso, harufu ya tempe, soya ya kukaanga, bado inamfuata. Nilikuwa naichota orodha wakati huo, nikibonyeza herufi mbilimbili kwa haraka. Akavuta kiti akaketi ubavuni, akachukua barua, akaipitisha macho, akafika kwa mama yangu. Akanitazama.

"Kumbe ndiyo maana nilitumwa kula," akasema, akiniita Mbak, yaani dada, kama siku zote. "Mbak Lupi, mimi nimezaa watoto wanne na kuzika mume. Wewe unafikiri jina la mama yako ndilo litanivunja?"

Uso ulinichoma.

Kuirudisha orodha ya zamani kulikula dakika moja na nusu. Nikaihesabu, nikachungulia majina kumi ya juu na kumi ya chini. Kila mtu alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Nikaandaa amri mpya kwa jina jipya, nikaisoma kwa sauti hadi kipande chake cha mwisho, na Pak Darsono akaisoma naye juu ya bega langu. Zilibaki dakika mbili na sekunde chache. Pak Darsono alishika simu mkono mmoja na saa yake mkono wa pili.

"Anza na mama yako," Bu Wartini akasema. "Kwenye barua ni wa pili, lakini anza naye. Umeshaona kumweka mwisho kulikokufikisha."

Hapo ndipo nilipokosea kweli. Yale ya mwanzo yalikuwa makosa ya kazi, yanamkuta yeyote. Hili nililichagua nikiwa na akili zangu. Watu wawili wamenisimamia, nimetoka kuwaharibia watu mia nne, halafu wa kwanza kuokolewa awe mama yangu? Watasemaje? Nilisikia haya inanipanda shingoni kama homa. Nikasema hapana, aanze wa kwanza, mama mwisho.

Bu Wartini hakubishana, muda wenyewe ulikuwa wapi. Akaanza kusoma. Namba ya foleni tarakimu kumi, kitambulisho tarakimu kumi na sita, kwa sauti ile ile ya masjala, bila haraka na bila kusita. Ningependa aharakishe na ningemuua angeharakisha. Nikajaza. "Mmoja," nikasema. Akaenda wa pili. "Mmoja." Wa tatu nikakosea tarakimu, mashine ikasema sifuri, tukarudia, jasho linanidondokea kwenye kibodi. "Mmoja." Wa nne. Wa tano. Mtu wa makao makuu alikuwa anahesabu kwenye simu na tulimsikia.

"Sekunde thelathini," Pak Darsono akasema.

Wa sita alikuwa mkulima wa tumbaku anayerithi kiti cha kaka yake. Tarakimu zake zilikuwa na sifuri nyingi. "Mmoja," nikasema.

"Kumi na moja," Pak Darsono akasema.

Bu Wartini alikuwa ameshaanza kumsoma Ngatirah. Alizisoma haraka safari hii, yeye asiyeharakisha. Nikaandika tarakimu nne, tano, sita. Kumtimiza mama zilihitajika sekunde ishirini. Nikamtazama Pak Darsono. Sheria ni yake, saba au hakuna, na kwa sheria hiyo wale sita nao wangerudi nyuma. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayeumwa jino.

"Funga na waliomo," akasema. "Mbak, funga."

Nikafuta zile tarakimu sita. Nikathibitisha.

Mashine ya mhuri ilipita orodha yetu kwa muda wa kupiga chafya mara moja. Mtu wa simu akasema asante, wilaya inayofuata. Bu Wartini aliikunja ile barua mara mbili, akaweka mkono wake mgongoni kwangu, akauacha hapo. Nikaomba ruhusa nikatoka.

Mama alikuwa palepale benchini. Alikuwa ameshafungua vibakuli na kupanga kijiko na leso, wali huku, mboga huku, mchuzi wa karanga peke yake ili usilowanishe. Alinitazama usoni, na mama yangu uso wangu anausoma tangu sijaota meno.

"Kaa, Nduk," akasema. Ndivyo anavyoniita mimi bintiye. Nikakaa. "Wangapi wameingia?"

"Sita."

"Na barua ilikuwa ya wangapi?"

"Saba, Mama."

Nilimweleza, vibaya, nikirukaruka, ya amri iliyobaki, ya mlango, ya dakika tano. Sidhani alielewa hata nusu. Alisubiri nimalize, kisha akauliza jambo moja tu alilolielewa: kwa nini yeye ndiye aliyebaki, wakati aliiona ile barua ya kijiji na jina lake lilikuwa la pili.

"Nilikuweka mwisho," nikasema. "Niliona haya. Ningekuweka mbele wangesema najipendelea."

Nilitegemea aniambie nimefanya vyema. Ndiyo malezi yake hayo. Mwanamke huyu hajawahi kuchukua kipande cha kwanza cha kitu chochote mbele ya wageni, na mimi nimemwiga maisha yangu yote. Nilikaa pale nikisubiri anisamehe, tena nikiwa na hakika.

Alirudisha kifuniko cha kibakuli cha kwanza. Cha pili. Akaufungua ule mfuko wa mapajani akanionyesha kilichomo: shuka mbili nyeupe za ihramu za baba, zilizokunjwa, zinanuka kafuri. Baba alizinunua mwaka aliojiandikisha, na kila mwaka kabla ya Ramadhani alizifua na kuzianika mwenyewe. Mama alitaka kwenda nazo. Hazivaliwi na mwanamke, alijua, ila alitaka zifike.

"Kama kingekuwa kiti changu, ungefanya sawa kuniweka mwisho," akasema. "Ningekushukuru. Lakini si changu, na wala si chako. Ni cha baba yako. Nani alikutuma umweke baba yako mwisho?"

Nililia pale ukumbini, mbele ya watu, mimi mwenye haya. Hakunibembeleza. Alinisubiri ninyamaze, akanikabidhi vibakuli, akaniambia nikale na Bu Wartini kwa sababu chakula kikilala kinachacha. Mfuko aliushika mwenyewe.

Jioni nilimrudisha nyumbani kwa pikipiki. Siku zote akipanda nyuma yangu hunishika kiunoni kwa mikono miwili, tangu nilipojifunza kuendesha. Siku ile mkono mmoja ulikumbatia mfuko, na wa pili ulishika chuma cha nyuma ya kiti mpaka tukafika.